Nilikusindikiza Nusu Njia

Mume wangu Baraka,

Marahaba, mjukuu wangu. Picha zako za barafu tumeziona. Hapa mtaani Bertrams sote wazima. Mama yako bado anashona, mdogo wako ananijibu Kizulu tu, eish!

Umeniuliza kwa nini unaumia wageni wakishuka melini, watu uliowatembeza kuona pengwini siku kumi tu. Nilipokuwa msichana kule Kigoma, shangazi yangu alikuja kututembelea. Alipoaga, nikamsindikiza hadi mtoni. Akasema nisirudi peke yangu, akanisindikiza hadi nyumbani. Tukaenda na kurudi mara tatu, tukicheka, mpaka mama akatoka kutufokea. Ndipo nikaona macho ya shangazi yamelowa. Kumbe hata watu wazima hawazoei kuagana.

Siku ulipoondoka niliishia kwenye roboti, zile taa za barabarani za kona, nikasingizia goti. Goti lilikuwa zima, mume wangu. Niliogopa kurudi peke yangu.

Siku hizi nikienda kwenye kiduka cha spaza kununua mkate, nakipita, nafika kwenye roboti. Taa inawaka kijani, watu wanavuka, mimi nasimama. Bado nakusindikiza.

Mkeo mzee,
Bibi