Mwezi wa Kuacha Makande

Jumatatu, 4 Machi

"Hakuna Mpare aliyewahi kuugua kwa kula makande." Maneno ya shemeji yangu Mbonea, jana, nje ya kanisa, mbele ya watu. Uongo. Mpare huyo ni mimi. Nina miaka arobaini na tisa, na makande nimeyala tangu nilipoota meno.

Asubuhi hii, kama kila asubuhi tangu Januari nilipoambiwa nina kisukari: matone ya mkojo, dawa ya buluu niliyoiomba maabara ya sekondari, kichupa juu ya jiko la mchina, la mafuta ya taa. Ikibaki buluu, salama. Kijani, tahadhari. Njano, sukari imezidi. Leo imegeuka rangi ya tofali la kuchoma. Jana jioni nilikula nini? Makande. Mabakuli mawili ya mahindi na maharage.

Mbonea hajawahi kumaliza kitabu maishani mwake. Hapa Vudee anasikilizwa kuliko mimi. Inaniudhi.

Jumatano, 6 Machi

Kuna jambo silielewi. Miaka ya foleni hatukuiona sukari. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na vumbi. Chai tuliinywa hivyo hivyo, chungu. Sasa kila kitu ruksa, Same mjini mikate myeupe na soda zimepangwa hadi kibarazani, lakini mimi sivinunui. Sukari hii imeniingiaje?

Daktari wa Same alinieleza kwamba mahindi, ndizi na mihogo vikifika tumboni hugeuka sukari. Nivipunguze. Mboga kwa wingi, mayai, maharage kiasi. Vidonge asubuhi na jioni.

Miaka ishirini na mbili nafundisha sayansi kimu. Ubaoni naanza na vyakula vya kutia nguvu. Nachora hindi kubwa na mkungu wa ndizi, kisha mchicha pembeni kama pambo. Nimewalisha watoto wangapi mchoro ule? Naona aibu. Halafu naona hasira, maana kitabu sikukiandika mimi.

Macho. Gazeti nimelisogeza mbali, nikalisogeza karibu. Mistari inaogelea. Hili ndilo linalonitisha. Nikikatwa mguu nitakaa kitini nigombane na watu kwa barua. Nisipoweza kusoma nitakuwa nani?

Alhamisi, 7 Machi

Nimeacha kabisa. Ugali, ndizi, makande, vyote. Daktari alisema nipunguze, lakini mimi si mtu wa nusu nusu.

Jioni mama mkwe wangu alipakua makande kama kawaida. Nikachambua maharage, nikayaacha mahindi ukingoni mwa bakuli. Mama akanitazama weee, kisha akasema, "Mama Neema, unachakura kama kuku." Hakucheka. Yeye ndiye aliyepika. Nikamweleza habari za kongosho, kiungo kinachotawala sukari mwilini, kwa kirefu. Hakuna aliyewahi kushinda ubishi jikoni kwa kutaja kongosho.

Ijumaa, 8 Machi

Kijani. Nimerudia kwa mkojo uleule. Kijani.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Leo ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Tulizoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kabla ya masika. Msimamizi ni Mbonea. Zamu ya chungu ni ya mkewe, Nakijwa. Vidonge nilimeza alfajiri. Sikula kitu ila mchicha.

Makande yalipoiva nikakataa bakuli. Nilisema asante, niko sawa. Nakijwa alibaki ameshika upawa hewani. Kisha akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bwawa, "Mwalimu anaogopa tumemtilia kitu." Wengine wakacheka, wengine hawakucheka, na hao ndio walionitia wasiwasi. Nikarudi topeni peke yangu.

Haikupita saa. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi. Nimeambiwa nilimfokea mtu kuhusu jembe ambalo hakuwa nalo. Kisha nikakaa chini bila kutaka. Mama mkwe, aliyekuja nasi kazini, akavunja muwa kando ya bwawa, akaumenya kwa meno, akanipa kipande nifyonze. Kingine. Kingine tena. Dunia ikarudi mahali pake. Nikasimama.

Mbonea alikuwa ameegemea chepe lake. Hata hakupaza sauti.

"Mmeona wenyewe. Sukari ndiyo dawa yake. Shemeji, vitabu vimekudanganya."

Nikaokota jembe langu, nikaenda zangu nyumbani bila kubishana. Sijui kama hilo limewahi kunitokea.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Kama sukari inaniua, kwa nini imeniinua? Kama makande yananipofusha, kwa nini kuyaacha kumeniangusha? Nimejaribu kubishana na Mbonea kichwani. Hata humo ananishinda.

Mama ameketi mbele yangu mpaka bakuli la makande likaisha. Kisha la pili. Nimekula. Yalikuwa matamu. Naandika ukweli.

Jumatatu, 11 Machi

Tofali. Kwenye gazeti nimesoma vichwa vya habari tu. Chini yake kulikuwa na ukungu.

Darasani mtoto ameniuliza kwa nini nimeandika herufi moja juu ya nyingine. Nikamwambia anyamaze. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nina hofu.

Jumanne, 12 Machi

Nimeteremka Same na lori la mbao. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu hawanifanyii, kisha akauliza swali moja.

"Mwalimu, ulipoacha chakula, vidonge ulivipunguza?"

Hapana. Wala sikumwambia yeye kwamba nimeacha. Alikasirika, kwa adabu. Kidonge kinashusha sukari, umekula hujala. Ukiondoa ugali wote na vidonge vikabaki vile vile, halafu ukazoa tope juani, sukari inashuka kupita kiasi. Ndiyo maana muwa uliniinua. Haina maana kwamba nile muwa kila siku, wala mabakuli mawili ya makande. Amepunguza vidonge yeye mwenyewe. Nisibadilishe kitu bila kumwambia. Ugali usizidi ngumi yangu. Mfukoni peremende moja, ya siku ya kutetemeka tu.

Maharage mangapi? Alisema tupime tuone. Macho je? Huenda yakarudi sukari ikitulia, huenda yasirudi yote. Hajui. Nilimheshimu kwa kusema hajui.

Kwa hiyo Mbonea alikuwa na haki kidogo na mimi kidogo. Sentensi hiyo siipendi. Nimeiandika hata hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Siku tatu za kijani. Kutetemeka hakuna. Lakini jana nilikula maharage yaleyale ya juzi, na kijani ya leo imekaribia njano. Kwa nini? Sijui. Usingizi? Hasira? Nilikuwa nimegombana na bwana shamba.

Jioni Mama aliweka mbele yangu sufuria ndogo. Maharage matupu, mboga ya mnafu pembeni. "Mahindi nimeyachemsha kwingine," akasema. "Habari za kongosho sitaki kuzisikia tena." Nikala. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia moshi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua imeanza. Kutwa nimekaa dirishani na gazeti. Aya mbili nimesoma. Ya tatu imenikataa. Nimelikunja bila kulitupa.

Msaragambo mwingine ni Jumamosi ijayo. Mbonea amekubali niseme neno kabla ya kazi. Hakuniuliza neno gani. Nimeliandika kwa herufi kubwa nizione mwenyewe:

Wanawake wa zamu ya chungu, na wewe Nakijwa. Kijijini hapa mwenye kisukari si mimi peke yangu, wengine wanaona haya kusema. Pikeni maharage peke yake na mahindi peke yake, kila mtu achanganye kwenye bakuli lake. Na yangu, Nakijwa, unipakulie wewe kwa mkono wako, kisha ukae hapo unione nikila.