Kidirisha cha Kupitishia Chakula

Jumanne, 5 Agosti 2025

Fundi Nzivo amekuja kuupima ukuta unaotenga jikoni na sebule. Nataka uvunjwe. Nataka kaunta na viti virefu, kama zile jikoni ninazozitazama kwa simu hadi usingizi unanichukua. Maingi amekubali. Mume wangu hukubali haraka — nadhani anataka nione nyumba hii ya Komarock ni yangu pia, si ya marehemu mkewe tu.

Tulipovuta kabati la sebuleni, nyuma yake kulikuwa na ubao umepigiliwa misumari. Nzivo akaung'oa. Kidirisha! Vilango viwili vya mbao, na rafu ya kuwekea sahani. Maingi anasema zamani chakula kilipitia hapo. Walikiziba binti yake Kavutha akiwa mdogo sana, walipopata televisheni kubwa na kabati lake. Mtindo wa kizamani, akasema.

Nilichungulia. Sebule ilitulia kama picha, mwanga hafifu juu ya viti. Nikasahau chai motoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Kavutha amefunga shule. Binti wa Maingi, kidato cha pili. "Habari, Anti," kisha chumbani. Tangu nilipoolewa hapa Januari, sijapata kutoka kwake sentensi ndefu kuliko "Niko sawa." Simlaumu. Nikimkabili, macho yake hutafuta sakafu.

Alasiri nachambua sukuma, kikombe kikawekwa rafuni. Halafu sauti, bila uso.

"Anti, hapa ndio Mama alikuwa anatupea maandazi?"

Nikasema sijui, pengine.

"Nakumbuka mikono ikitoka kwa ukuta. Nilidhani niliota."

Nikabaki na jani la sukuma mkononi. Alipoondoka sikumsikia.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa Kavutha alivuta kiti hadi chini ya kidirisha, upande wake, akanipa mgongo. Mimi jikoni. Akaanza kusimulia — uji wa shule unaonuka moshi, msichana wa kitanda cha juu anayeimba usingizini na asubuhi hukana. Nilicheka. Naye akacheka, kicheko kidogo, cha puani, kama cha baba yake.

Nilikata vitunguu polepole nisimalize. Tutakula vitunguu wiki nzima. Nikainama nichungulie, akanyamaza papo hapo. Basi nimejifunza kukaa upande wangu.

Nje kulikuwa na ubaridi na mawingu. Ndani mvuke ulipita kidirishani kwenda kwake. Niliutazama tu ukienda.

Jumatano, 13 Agosti

Eastleigh, kutafuta jiwe la kaunta. Falis, tuliyewahi kufanya kazi naye katika duka moja, sasa ana lake la vigae. Nilimwuliza kama vidirisha hivi vinastahili kurudi. Akaweka kalkuleta chini. Kwao kilikuwepo, akasema. Posa yake aliisikilizia hapo, amebana pumzi na mama yake, wageni wakila upande wa pili.

"Na mama alikula wa mwisho, Selpher. Kila siku, nyuma ya ukuta. Mimi binti zangu siwajengei hicho kitu."

Nililipapasa jiwe moja jeusi, laini, baridi kama maji ya mtungi. Zuri kweli. Nimerudi bila kulinunua.

Nimemwambia Maingi huenda tuuache ukuta. Akashangaa: si wewe uliyelia na huu ukuta? Nzivo anakuja Jumamosi, uamue. Sikumweleza kuhusu Kavutha. Nikimweleza atasimama mlangoni kusikiliza, na mtoto atanyamaza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nzivo ameshafika. Yuko uani na chai, nyundo kando yake. Maingi yuko naye, wanazungumza habari za mvua. Mimi bado sijaamua — au nimeamua ila sijasema.

Nilikuwa nafunga vyombo kwenye magazeti. Kiti kikaburutwa upande ule.

"Anti. Sitaki kurudi shule."

Nikamwuliza kwa nini.

"Usije huku. Nikikuona sitaweza kusema."

Nikamwambia siji. Naandika hapa, daftari juu ya mtungi wa gesi, ili nisiinuke kwenda kwake. Miguu inataka kwenda. Nasikia anavuta pumzi, anaiachia, anavuta tena.

"Kuna mwalimu mmoja," akasema. Akakatiza.



Maingi anaita kutoka uani, Sele, tuanze? Nimeenda taratibu, nikafunga komeo la mlango wa nyuma. Anabisha. Anauliza kuna nini.

"Anti, bado uko?"

Niko, nimemwambia. Nimeketi. Siendi popote. Sema polepole.