Maji Ndani ya Mashua

Jumamosi, 3 Shaabani

Kwa jina la Mola aliyetupa mikono na atakayetuuliza tuliitumiaje. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Amani pia kwa atakayelifungua daftari hili baada yangu.

Nimepigilia ubao wa mwisho baada ya Alasiri. Mashua imepata umbo. Tangu nilipoacha kusomesha watoto, uani ndiko darasani kwangu. Sasa itakaa juani mpaka ikauke barabara, kama mahindi kabla ya kuingizwa ghalani.

Shemeji yangu Mhina, kaka wa mke wangu, aliegemea ua kama kawaida yake. Nyumba zetu zinapakana. Ni mtihani. "Maalimu, chombo hakianikwi kama mahindi!" Akacheka mpaka akakohoa. Ujanani alikuwa kibarua kivukoni Pangani, kazi yake kuchota maji ndani ya mashua za watu. Mimi Pangani nilikwenda kusoma dini, na kila nilipotoka chuoni nilikaa kuwatazama mafundi wakiunda. Sitafundishwa na mchota maji.

Jumatatu, 5 Shaabani

Mbao zimeachana. Kati ya ubao na ubao ukucha unapita. Nimeshindilia pamba yenye mafuta ya nazi kutwa nzima. Mgongo unauma.

Mhina tena: "Kinyweshe maji hicho, kina kiu!" Waliokuwa wakienda shambani wakaangua kicheko. Mmoja akaniita Nabii Nuhu, akauliza gharika imepangwa lini. Jina la Nabii kufanywa mzaha! Na mlango wa mzaha aliufungua Mhina. Namchukia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 8 Shaabani

Nilikwenda Korogwe mjini kutafuta rangi. Niliporudi nilikuta mashua imejaa maji hadi ukingoni. Yanachuruzika kila upande. Pamba yangu inaning'inia nje kama matumbo ya mbuzi. Uani ni matope. Kando yake ndoo ya Mhina, ile ya bluu yenye mkono wa waya. Hakuhangaika hata kuificha.

Miezi saba ya kazi yangu. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilitawadha mara mbili, hasira haikutoka.

Ijumaa, 9 Shaabani

Baada ya sala nilisimama. Nilisema yumo miongoni mwetu mtu anayeingia uani kwa mwenzake asipokuwepo na kumharibia kazi ya mikono yake. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Shingo zote ziligeukia alipokaa Mhina. Alichukua viatu vyake akatoka. Hakujitetea. Mwenye hatia atajitetea kwa lipi?

Nimeagiza maji yasimwagwe. Ni ushahidi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi yuko Mashewa msibani. Akirudi aje aone kwa macho yake.

Jumapili, 11 Shaabani

Jana maji yalikuwa yamepungua nusu. Leo nimetoka sala ya Alfajiri, nimekuta yamerudi hadi ukingoni. Anarudia! Mtu huyu ana moyo wa jiwe.

Nilikutana naye njiani. Akasema, "Asalaam alaikum." Nikatazama migomba.

Kuitikia salamu ni wajibu. Nimewafundisha hilo watoto wa kijiji hiki, kisha nikawafundisha watoto wao.

Jumatatu, 12 Shaabani

Siku ya tatu imepita tangu Ijumaa. Haimpasi Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Najua. Chakula hakina ladha.

Jumanne, 13 Shaabani

Wazee wa msikiti wamekuja. Kesho Magharibi unaingia usiku wa Nisfu Shaabani. Wanataka niongoze dua na kutoa mawaidha kama kila mwaka. Kila mwaka nimewaambia jambo lilelile: usiku huo Mola huwasamehe waja wake, ila mwenye kumshirikisha na mwenye kinyongo na nduguye.

Nimekubali. Nitazungumzia mada nyingine.

Jumatano, 14 Shaabani

Mjumbe alifika asubuhi. Akaizunguka mashua, akapiga magoti, akapapasa chini yake. "Maalimu, shitaka lenyewe ni lipi? Huku chini kukavu."

Nikapapasa na mimi. Vumbi. Ndani maji hadi ukingoni, na hakuna tone linalotoka. Mbao zimevimba, zimekumbatiana.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Kaka alijaza siku ya kwanza. Nyingine nimejaza mimi, kila ukienda msikitini. Chombo kikikauka hunyweshwa mpaka kikome kuvuja. Alikwambia, ukadhani anakucheka."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Hukuniuliza, Baba Zaina. Ulitangaza."

Kumbe hasira yangu, iliyoagiza yasimwagwe, ndiyo iliyoyalinda maji yale siku zote hizi. Nimeona aibu.

Kabla ya Magharibi nilikwenda kwa Mhina. Hakunipa kiti. "Umeleta ndoo yangu?" Nikamwomba radhi palepale nilipokuwa nimesimama. Akasema, "Hapa mlangoni hakuna aliyesikia nikitukanwa, shemeji. Ulinivua nguo msikitini. Nivishe hukohuko."

Ana haki. Kwa dakika moja nilimchukia zaidi kwa kuwa na haki.

Msikiti ulijaa. Nilisimama, nikataja jina lake, langu, na maji. Nikayaita makosa yangu kwa majina yake: dhana mbaya, na kuacha kuitikia salamu. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayesomeshwa. Kisha nikamgeukia. "Wa alaikum salaam, Mhina." Ilikuwa salamu ya Jumapili.

Akasema, "Imechelewa, Maalimu. Lakini imefika."

Ndipo nikainua mikono kuomba dua.

Jumamosi, 17 Shaabani

Tumeishusha mtoni, penye maji yaliyotulia chini ya mashamba ya Mnyuzi. Mhina alishika upondo akaisukuma. Alikuja na kopo la kuchotea maji, kwa tahadhari. Tulikwenda na kurudi hadi jua likapoa. Bado hatupendani sana.

Kopo lilirudi nyumbani kavu.

Ewe utakayesoma, Mola akujaalie jirani wa kukwambia kweli na sikio la kuipokea. Azibe nyufa za nyumba yako, na waliomo awaweke salama. Amin.