Mluzi Nje ya Uzio

Mwenzangu, hebu sikia haya. Nimejifungia garini, mbwa wa marehemu baba yuko kiti cha nyuma.

Si leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumpeleka kwenye mashindano ya mbwa? Tulizunguka uwanja vizuri tu, mara akagoma. Akageukia kiti kitupu nje ya uzio, anatikisa mkia.

Jaji akanifokea: "Binti, mwambie mzee wako aache kumpigia mbwa mluzi! Kumwita kutoka nje ni marufuku."

Mzee gani? Mzee GANI jamani?

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akakitazama kile kiti. "Aa, ameshaondoka."

Nikadhani yameisha.

Sasa huyu mbwa, anayejilazaga kiti kizima, amejibana mlangoni kama anayempisha mtu akae.