Rehema Wangu, Konyeza na Ulimi wa Wifi

Bungu, Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na mimi humu ndani nachemka kuliko chungu.

Nianze na sifa, maana nisipomsifu mwanangu nani atamsifu? Rehema, niliyemzaa kwa uchungu wangu mwenyewe, yuko maabara huko Dar. Anayatazama mafuta yaliyomo ndani ya seli, zile chembe za mwili, zikiwa hai. Mafuta hayo kwa macho huyaoni. Basi seli inafanywa itengeneze protini inayong'aa, protini inayashika mafuta, na kila yanakokwenda taa yao inakwenda nayo. Asili ya mwanga huo ni konyeza wa baharini, yule mnyama laini kama uji mzito.

Alinitumia video. Vitone vya kijani vinatembea gizani. Nusu ya Bungu wameiona, nimewaonyesha mimi.

Juzi tulikuwa tunapeta mchele wa shughuli ya jirani, nikaitoa tena, na la konyeza nikalisema. Wifi yangu Mwanahawa alikuwepo. Yeye kaolewa Salale, na huko konyeza akiingia kwenye wavu wa kuvulia kamba, mikono ya wavuvi inawaka kutwa.

"Kwa hiyo wifi, binti yako anawatia watu konyeza mwilini?"

Tukacheka wote. Nikajua ni utani wa mawifi.

Kumbe kaufikisha mpaka kwa wanaomposa Rehema.

Leo kaja mshenga wao, Mzee Kondo, na sauti ya msibani. Eti binti wanamtaka, ila kazi hiyo aache kwanza. Mshika sumu ya konyeza atawazalia wajukuu gani? Nikamweleza kwamba huo mwanga hauwashi, na seli zenyewe ziko kwenye kisahani, hakuna mtu anayeguswa. Akasema yeye mjumbe tu.

"Basi wapelekee na hili, Mzee Kondo. Mwanangu haachi kazi. Wanaotaka mke wa kukaa bure wakaoe kwa Mwanahawa, mabinti anao."

Kaondoka bila kumaliza chai. Nimesugua masufuria yaliyokuwa safi. Mwanahawa nikimwona leo, wallahi, tutatazamwa.

Mtu kasomea miaka yote ile, halafu aambiwe aache kwa neno la kwenye ungo!

Sasa hasira zimetua kidogo, ndiyo nakumbuka.

Rehema sijamuuliza.

Na kijana mwenyewe anayemposa, Rehema anampenda. Kila akinipigia simu ni Selemani hivi, Selemani vile, mpaka najifanya mtandao mbaya.

Asubuhi nitampigia. Ya wifi nitayasema yote, simezi hata moja. Lakini lile jibu nililompa mshenga, nitalianzia wapi?