Picha Uliyoiulizia

Wandegeya, Kampala
9 Machi 1974

Kwa mdogo wangu Wanjala,

Pokea salamu zangu, dada yako. Natumaini wewe, mke wako na mama huko Bungoma mnaamka salama, na kwamba goti la mama limepoa. Huku mvua imeanza, sukari haipatikani, na wanafunzi wa chuo bado wanakuja kwangu kula maharagwe. Nasike wangu ameng'oka jino la mbele, kama utakavyoona.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kuichana. Ukurasa mzima unauliza picha zako zimekwama wapi, na unanieleza kwamba umeshanunua fremu. Fremu, Wanjala!

Ulikaa kwangu siku kumi, na kila siku ulirudi na kitu cha ukumbusho. Ngoma ndogo, kitambaa cha gome la mti, hata kijiko cha ile hoteli ya Nakasero ulikokunywa chai moja ukakificha ndani ya soksi. Ulisema mtu akisafiri asirudi na kitu cha kuonyesha watu, ni kama hakwenda. Nilicheka nawe. Sasa nikikumbuka naudhika. Wewe ulikuwa unakusanya Kampala ya kupanga kabatini, na sisi tunaishi humu.

Pale kwenye lile lango lenye askari nilikuambia hapa hatusimami, hata kutazama hatutazami. Ukasema watu wa Kampala tumekuwa waoga, ukanitia kamera mkononi. Nikabonyeza haraka ili tuondoke. Kesho yake ukaiacha filamu kwa jirani yangu Kamis, mpiga picha, ukapanda basi ukaenda zako.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kuzichukua. Kumbe wanajeshi watatu walikuwa wamefika kuchukua picha zao wenyewe, na mmoja akawa anazikagua zilizoanikwa kwenye kamba. Akafika kwenye yako. Umeshika kiuno, meno nje, na lango lote nyuma yako. Wakamuuliza Kamis mtu huyo ni nani na anampelekea nani picha ya mahali pale. Kamis alisema ni mpita njia, hakuacha jina. Walimpiga, wakachukua picha zote, wakamchukua na yeye. Hajarudi.

Mkewe, Jalia, anazunguka kambi hadi kambi na bakuli la chakula. Askari mmoja anayefahamiana naye amemwambia kwamba mwenye picha akijulikana, ikaonekana ni mgeni mjinga tu na si jasusi, huenda Kamis akaachiliwa. Kila jioni Jalia amekuwa akija jikoni kwangu kuniuliza kama nimesikia lolote juu ya mtu huyo. Nilikuwa nampa chai.

Sasa nikuambie nililokuwa nikimficha. Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni, risiti mkononi. Mwanajeshi alinisogezea picha usoni, akaniuliza kama namjua mtu huyu. Nikatazama uso wako, uso wa mtoto niliyembeba mgongoni zamani, nikasema simjui. Kamis alikuwa sakafuni, damu mdomoni. Alijua nasema uongo, maana ile risiti aliiandika yeye. Akasema, "Huyu mama mimi hapana jua. Alikuja kwa picha ya paspoti tu." Nikageuka, nikaondoka.

Wewe una ngoma na kijiko. Mimi nina kijikaratasi kilichoandikwa "Mama Nasike, picha kumi na mbili" kwa mkono wa Kamis. Nimekukasirikia wiki tatu, Wanjala, na bado nimekukasirikia, lakini siwezi tena kujificha nyuma ya hasira hiyo. Leo asubuhi nimemwambia Jalia yote. Hakunitukana. Aliomba tu aione risiti, akaishika muda mrefu. Jumatatu tutakwenda pamoja, nami nitasema huyo ni mdogo wangu, na aliyebonyeza ni mimi.

Kwa barua hii sikuiamini posta. Nabwire, anayevuka Busia kila wiki kuuza nguo, ndiye aliyekuletea, na amekuja na Nasike. Usimhoji mtoto, mpe uji kwanza. Nguo zake zimo kwenye sanduku. Anadhani amekuja kumtembelea nyanya yake.

Msalimie mama, mwambie nina kazi nyingi. Wifi naye msalimie. Ulitaka kitu cha kukukumbusha Kampala. Huyo hapo mlangoni, mtunze.

Ni mimi dada yako,
Loice