Kiti Ulichokiacha Bodø

Bergen, Jumatatu

Kwa dada yangu Gunnvor, kapteni wa Lomvi na mtesi wangu tangu utotoni,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji Eldar mgongo umeshamwachia, na mpwa wangu Iver bado anawatangazia watu kwamba mjomba wake anarusha ndege vizuri kuliko mama yake. Mtoto ana akili huyo, usimkataze. Mimi mwili hauna neno. Mvua ya Bergen ni ileile, na juzi nilitua katikati yake, upepo unatupiga ubavuni, mpaka abiria wakanipigia makofi. Kapteni hakupiga, ila nilimwona alivyoshikilia kiti.

Sasa habari. Tangu itangazwe kwamba mashirika yetu ya ndege, Teist yetu na Lomvi yenu, yataunganishwa, chumba chetu cha marubani hakikaliki. Mtu hakuulizi tena hali ya hewa, anakuuliza uliajiriwa lini. Orodha itakuwa moja: aliye juu anachagua ndege, kituo na likizo, aliye chini kabisa ndiye wa kwanza kufungishwa virago. Ninyi ni shirika la zamani, mnataka ipangwe kwa tarehe ya kuajiriwa. Sisi tunataka kwa nafasi, wa katikati wetu akae jirani na wa katikati wenu. Kapteni Sverre, anayetuwakilisha kwenye meza ya mazungumzo, anasema ikipita tarehe, yeye na mistari yake minne begani atakuja kumkorogea kahawa kijana wenu. Mzee Asbjørn, anayekaribia kustaafu, anasema ndege ni ndege, tutie sahihi tukalale. Sverre akamjibu kwamba ni rahisi kusifia shuka fupi wakati wewe mwenyewe unashuka kitandani. Hapo hata mimi nilicheka.

Lakini mimi ndiye wa mwisho kuajiriwa Teist. Wakipunguza watu, wanaanza na Tarjei. Na unajua vyeti vyangu vya shule vilivyo, dada. Nje ya chumba cha rubani, mimi ni mpakia samaki mwenye mdomo mrefu.

Basi ikaanza kuonekana kwamba kila tulichopanga kusema mezani, watu wenu walikuja na jibu lake mfukoni. Sverre akasema kuna mtu anapeleka maneno Bodø, kwenu. Mimi nilimshuku Asbjørn. Wengine hawakuhangaika kufikiri, walinitazama mimi, mwenye dada kwenye kamati ya Lomvi inayojadili orodha. Nikiingia, mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Unakumbuka nilikuambia kwamba Ijumaa mdogo wa wote ndiye hununua mikate ya mdalasini, na inachukuliwa kwa kufuata ukongwe, makapteni kwanza? Ijumaa ile sahani ilizunguka chumba kizima ikarudi kwangu imejaa. Sverre akaniambia, mbele ya wote, nile tu, dogo, labda watu wa Bodø ndio wanaopenda mikate yangu. Nilikula mitatu kwa hasira.

Nikaanza kukushuku na wewe. Nilijiuliza kwa nini ulikuwa unanipigia simu kila Jumapili wakati zamani ulinipigia siku ya kuzaliwa tu. Kwa nini ulipenda kuuliza kama nalala vizuri, kama wenzangu wamekasirika. Nikasema huyu ananikamua.

Wiki iliyopita nilikuwa Trondheim, tunalala hoteli moja na marubani wenu. Asubuhi akaja kuketi mezani kwangu yule Ailo wenu, rubani msaidizi mwenye kicheko cha shakwe. Nikamwambia kwa ukali aniambie nani anawaletea siri zetu. Alicheka mpaka wahudumu wakageuka. Akasema, siri gani, bwana mdogo, huyo Sverre wenu kila akilala hapa anawahutubia wenzake mbele ya mayai ya kukaanga, na sisi tumeketi meza ya nyuma, tunaandika tu. Kisha kicheko kikamwisha. Akasema wewe umejiuzulu kamati, hutaki kusema sababu, na ulikuwa mtu pekee wa upande wenu aliyesimamia kwamba kwa miaka ya mwanzo asiachishwe kazi hata mmoja wa Teist aliyeko sasa. Kiti chako amepewa Hallvard. Huyo anasema wadogo wa Teist ni mzigo uliopakiwa kimakosa.

Chai ilinipoa mkononi. Maana sababu yako mimi naijua, dada.

Jumapili ile nilipokunong'oneza kwamba watu wetu mwishoni watakubali tarehe, mradi kituo cha Bergen kisifungwe, nilikuwa nimekutega. Ni uongo. Niliutunga bafuni, nikakupa wewe tu, nisubiri kama utatokea mezani. Ulisema tu, "Ungefunga mdomo, Tarjei," ukakata. Nikakuhesabia hatia. Kumbe ulidhani umebebeshwa siri ya wapinzani na mdogo wako, na ukaona huwezi tena kukaa pale kwa haki. Hukuitumia, wala hukunitaja. Ukaondoka. Nami nikajivunia ujanja wangu kwa siku kadhaa, huku nimemfukuza mtu pekee aliyekuwa anashikilia kazi yangu.

Basi sikia: huna siri yoyote. Hujawahi kuwa nayo. Waambie mdogo wako ni mwongo, waonyeshe barua hii, Hallvard aisome kwa sauti akipenda, na urudi kwenye kiti chako kabla ya kikao cha Alhamisi. Nami kesho nitasema hivyohivyo mbele ya Sverre na wenzake. Usiponitetea tena, nitaelewa. Lakini usikae nje kwa ajili ya kitu nilichokitunga bafuni.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nampa Asbjørn, anarusha ndege ya kuja huko kesho. Nilimwomba radhi kwa kumshuku. Akaniuliza kama basi Ijumaa anaweza kula mkate. Bahasha sikuigundisha. Akitaka njiani aisome.

Mbusu Iver, mwambie mjomba bado ni bora, ila kwenye kutua tu. Shemeji apumzishe mgongo. Mama akiuliza, sema tunaongea.

Mdogo wako,
Tarjei